Mwalimu asikubali kuzungushwa langoni mwake mwenyewe

Mila za Waswahili zamruhusu mgeni kupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa mara ya tatu, hufahamu kwamba mwenyeji hayupo au hataki kuonwa, naye hurudi alikotoka bila kinyongo. Lakini sijapata kusikia mila ya watu wowote inayomtaka mwenye nyumba apige hodi katika mlango wake mwenyewe, aulizwe yeye ni nani, ajibu, aambiwe amejibu vyema, kisha aulizwe tena yeye ni nani, na tena, na tena, mpaka jua lichwe. Hayo ndiyo yanayowapata baadhi ya walimu wetu siku hizi wafunguapo programu ya barua pepe katika tarakilishi ya shule.

Nazungumzia kile kijaribio kiitwacho kapcha. Wakati mwingine ni kisanduku cha kutia alama ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Wakati mwingine ni picha tisa ambazo waambiwa uchague zenye mabasi, pikipiki au taa za barabarani. Kikitokea mara moja, hakina neno. Kikigeuka duara lisilo mwanzo wala mwisho, huwa ni balaa. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Kisa kilichonisukuma kuishika kalamu ni hiki. Mwalimu mmoja ninayemfahamu, wa shule moja ya upili pande za Konoin katika kaunti ya Bomet, aliombwa na mwanafunzi wake wa zamani amwandikie barua ya kumpendekeza kwa wafadhili. Msichana huyo alikuwa ameitwa chuo kikuu; mamaye ni mchumaji chai anayelipwa kwa kilo. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa saa kumi na moja jioni, na wafadhili walitaka barua itoke katika anwani rasmi ya shule, si katika simu ya mtu binafsi. Mwalimu aliiandika barua, akaitia sahihi na mhuri, akafungua programu saa nane mchana. Programu ikamtaka aingie upya. Akaandika nywila. Zikaja picha. Akachagua mabasi. Dirisha likafumba, likafumbua, nywila ikaulizwa tena.

Ilipofika saa tisa na nusu, alikuwa amekwisha kuchagua mabasi, vivuko vya waendao kwa miguu na mabomba ya wazimamoto mara zisizohesabika. Akapanda bodaboda hadi kituo cha biashara kilicho karibu, akaingia katika saiba, akampa kijana wa pale nywila ya shule. Huko nako tarakilishi ilikuwa ngeni, kwa hivyo swali likawa kubwa zaidi: ukatakiwa msimbo uliopelekwa kwa njia ya simu, na simu yenyewe ilikuwa ya mwalimu mkuu aliyehamishwa zamani. Barua iliondoka Jumatatu, ikajibiwa kwamba faili limefungwa. Msichana aliripoti chuoni juma la tatu, kwa mchango wa majirani.

Nilipomuuliza mwenzangu kilichokuwa kimeharibika, alinijibu kwa unyonge, "Mwalimu, mimi si mtu wa mambo ya tarakilishi." Jawabu hilo ndilo lililoniuma kuliko kisa chenyewe. Mtu aliyefundisha hesabu kwa miaka ishirini anaona haya kwa kosa ambalo si lake.

Hoja zangu basi ni mbili. Ya kwanza, mzunguko huu si uchawi, wala si ujinga wa mwalimu. Una sababu zinazojulikana, na kila mwalimu aweza kuzitafuta moja baada ya nyingine. Ya pili, ofisi zinazotutaka tupitie lango hili hazina budi kutuachia mlango wa pili.

Hebu kwanza tumfahamu bawabu huyu. Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing aliuliza iwapo mashine yaweza kumwiga binadamu katika mazungumzo hata isitambulike kuwa mashine. Mnamo 1997 wataalamu wa AltaVista, mtambo wa kutafutia habari katika intaneti, walianza kutumia herufi zilizopindwapindwa ili kuzuia programu zilizokuwa zikiwajazia anwani za takataka. Mwaka 2003 Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha maandishi ya kitaalamu juu ya vijaribio hivyo. Jina kapcha ni mkusanyiko wa herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya jaribio la Turing liendeshwalo na mashine ili kutenga watu na tarakilishi. Yaani mtihani umegeuzwa: sasa mashine ndiyo msahihishaji, na mtu ndiye mtahiniwa.

Von Ahn mwenyewe baadaye alipiga hesabu, akaona kwamba watu walikuwa wakijibu vijaribio hivi mara milioni 200 kwa siku, kila kimoja kikila sekunde kumi hivi. Hizo ni zaidi ya saa 500,000 za binadamu zilizopotea kila siku. Ndipo ilipozaliwa reCAPTCHA mwaka 2007, ambayo ilimpa mtu maneno yaliyopigwa picha kutoka vitabu na magazeti ya kale ili ayasome kwa niaba ya mashine. Google iliinunua mwaka 2009. Tangu hapo, kila uchaguapo picha, yamkini unaifundisha mashine kuona. Ni kibarua kisicho na mshahara.

Sasa tuje kwenye duara lenyewe. Kwa nini programu ya barua pepe, kama vile Thunderbird au Outlook, ikwame ilhali kivinjari cha kawaida hupita? Sababu ni kwamba programu hizi zilibuniwa katika zama za uaminifu. Ilikuwa yatosha programu kuipelekea seva jina na nywila. Seva hujibu ndiyo au la. Katika mazungumzo hayo mafupi hamna nafasi ya kuonyesha picha. Seva ikiingiwa na shaka na kutaka kijaribio, programu ya zamani haijui kukionyesha. Hukwambia tu kwamba nywila si sahihi. Nawe unaiandika upya, na kila uandikapo, shaka ya seva huzidi. Isitoshe, programu hiyo hubisha yenyewe kila baada ya dakika chache ili kutazama barua mpya, hata wewe ukiwa darasani.

Zama hizo zimekwisha. Google ilifunga njia ya nywila tupu kwa akaunti za watu binafsi kuanzia tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuizima kwa akaunti za mashirika Oktoba 1 mwaka huo huo, na kwa akaunti za watu binafsi Septemba 2024. Njia mpya iitwayo OAuth hufungua dirisha dogo ndani ya programu, nalo ni ukurasa wa intaneti. Unaingia hapo, unajibu kapcha, kisha ukurasa unaikabidhi programu kibali cha kuingilia. Kibali hicho hakiwezi kufika iwapo dirisha lile limekatazwa kuweka vidakuzi, yaani vile vipande vidogo vya kumbukumbu vinavyoueleza ukurasa kwamba mtu huyu amekwisha kuhojiwa. Vidakuzi vikikatazwa, bawabu hukuhoji, akaridhika, akageuka, akasahau, akakuhoji tena. Hapo ndipo duara huzaliwa.

Nawasihi walimu na wanafunzi wafanye kama tufanyavyo katika maabara: tubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, tutazame matokeo, tuyaandike. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hata akifaulu hajui kilichomponya.

Kwanza, acha kubisha. Funga programu kabisa, upumzike kwa saa moja au zaidi. Haraka haraka haina baraka, na hapa msemo huo ni kweli kwa maana ya kiufundi: majaribio mengi katika muda mfupi hufanana na kazi ya roboti.

Pili, tazama saa na tarehe ya tarakilishi. Katika mashine kuukuu, ile betri ndogo ya duara mfano wa sarafu ikifa, kila umeme upoteapo tarehe hurudi nyuma kwa miaka mingi. Vyeti vya usalama vya intaneti vina tarehe ya kuanza na ya kukoma. Mashine inayodhani kwamba ingali mwaka 2010 huviona vyote kuwa batili. Dawa yake ni betri mpya, na kurekebisha saa.

Tatu, katika tarakilishi ile ile na kwa mtandao ule ule, ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari cha kawaida. Jibu kapcha huko. Mara nyingi utakuta ujumbe unaokuuliza kama ni wewe uliyejaribu kuingia. Kiri kwamba ni wewe. Kisha rudi kwenye programu.

Nne, ndani ya programu yenyewe, hakikisha kwamba vidakuzi na JavaScript vimeruhusiwa, kwamba njia ya kuingilia iliyochaguliwa ni OAuth kwa barua zinazoingia na kwa zinazotoka, na kwamba nywila za zamani zilizohifadhiwa zimefutwa. Ifunge, uifungue upya. Ikiwa programu ni ya kale hata haiijui njia hiyo, isasishe. Yafaa ikumbukwe kwamba Windows 7 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025. Pale ambapo kusasisha hakuwezekani, baadhi ya kampuni bado hutoa nywila maalumu ya programu, baada ya wewe kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Tano, chunguza njia unayopitia. Zima VPN iwapo ipo. Jaribu mtandao wa simu badala ya ule wa shule. Ukipita kwa simu na ukakwama kwa mtandao wa shule, tatizo si akaunti yako. Tarakilishi zote za shule huonekana nje kwa anwani moja ya intaneti. Moja ikiwa na virusi vinavyotuma takataka, zote huadhibiwa. Hata kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hivyo waweza kushukiwa kwa dhambi za mtu usiyemjua.

Sita, kumbuka vifaa vingine. Nywila ilipobadilishwa muhula uliopita, je, simu ya naibu wa mwalimu mkuu ilielezwa? Kama haikuelezwa, ingali inabisha kwa nywila ya zamani usiku na mchana, nawe ndiwe unayeulizwa picha.

Mwisho kabisa, na hapo ni baada ya mengine yote kushindikana, iondoe akaunti katika programu na uiweke upya. Lakini tahadhari: ikiwa programu ilikuwa ikizipakua barua na kuzifuta katika seva, barua hizo zimo katika tarakilishi hiyo peke yake. Zinakili kwanza, usije ukafuta kumbukumbu za shule kwa kutafuta kutuma barua moja.

Kuna onyo jingine ambalo sina budi kulitia mkazo. Tangu mwaka 2024 wezi wamekuwa wakitengeneza kapcha za uongo. Hizo humwambia mtu abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha abandike maneno fulani na kuyatekeleza. Anayetii huwa ameingiza programu ya wizi kwa mkono wake mwenyewe. Kapcha ya kweli haikuagizi kamwe kubandika amri katika tarakilishi yako. Wanafunzi waambiwe hivyo, na wazazi wao pia.

Najua wako watakaosema kwamba nalalamikia jambo dogo, na kwamba bila bawabu nyumba itajaa wezi. Sikatai. Takataka na ulaghai katika barua pepe ni tatizo la kweli, na anayelinda akaunti ya shule analinda majina, alama na siri za watoto wetu. Lakini bawabu apimwe kwa kazi yake. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, ulionyesha kwamba roboti huvijibu vijaribio hivi kwa kasi na kwa usahihi kuliko watu. Mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walieleza jinsi mashine yao ilivyofaulu kila mara katika kijaribio cha picha cha Google. Ikiwa mwizi anapita na mwenye nyumba anabaki nje, basi lango hilo linamlinda nani?

Sisi wa nchi ya chai tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Mwezi wa Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walizitia moto mashine za kuchuma chai, wakilalamika kwamba zimewanyang'anya ajira. Sitetei uchomaji wa mali. Nataka tu tuone kinaya kilichopo: mama anaambiwa kwamba mashine inachuma kuliko yeye, na mwalimu wa bintiye anatakiwa na mashine nyingine athibitishe kwamba yeye ni mtu. Na picha anazoonyeshwa ni za barabara za Marekani. Mtoto aliyekulia Mogogosiek au Litein ataona wapi lile bomba fupi la wazimamoto lililosimama kando ya njia? Basi la shule la rangi ya manjano analijua, maana hata yetu yapakwa rangi hiyo, lakini lile la kwenye picha halifanani nalo.

Hebu tulinganishe na desturi yetu wenyewe. Mkulima mdogo apelekapo majani chai kwenye kituo cha kununulia, karani huyakagua kabla ya kuyapima. Kanuni inajulikana na kila mtu: majani mawili na chipukizi. Yakiwa magumu, karani huyakataa, na pengine mkulima hununa. Lakini huonyeshwa lile jani gumu. Huketi chini, akayachambua, akarudi kwenye mizani. Kukataliwa kwenye sababu ni mafunzo. Kukataliwa kusiko na sababu ni mateso, na kapcha hukataa bila ya kusema lolote.

Sheria zetu zinakubaliana na karani huyo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na vyombo vya utawala, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Kifungu cha 54 kinawahakikishia watu wenye ulemavu haki ya kupata elimu na vifaa vya kuwasaidia. Na ni wazi kwamba picha tisa si mtihani wa haki kwa mwalimu asiyeona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika sehemu ya 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Sisemi kwamba kampuni ya barua pepe ya ng'ambo ni ofisi ya serikali. Nasema kwamba ofisi ya hapa nyumbani inayogawa karo, nafasi za masomo au ajira isijifiche nyuma ya mashine ya mwingine. Ikitaka maombi kwa barua pepe, na iweke pia anwani ya kupeleka karatasi, nambari ya simu inayopokewa na mtu, na siku chache za nyongeza kwa anayeweza kuonyesha kwamba alijaribu kabla ya saa kufika. Picha ya dirisha lililokwama, yenye saa na tarehe, ikubaliwe kuwa ushahidi.

Nasi walimu tusijivue lawama. Anwani ya shule ni mali ya shule kama ulivyo mhuri. Mwalimu mkuu anapohamishwa, akabidhi nywila na nambari ya simu ya kurejeshea akaunti pamoja na funguo za ghala. Nywila isitolewe saiba. Heri kuomba tarakilishi ya shule jirani na kuandika kwa mkono wako. Barua yenye siku ya mwisho isingojee alasiri ya siku hiyo. Aidha, vyuo vya ualimu, kikiwamo kile cha Kericho, pamoja na Chuo Kikuu cha Kabianga, vingetenda jambo la maana kuwafunza walimu watarajiwa namna ya kutafuta hitilafu hatua kwa hatua, badala ya kuwafunza kuandika na kupiga chapa tu.

Mwenzangu wa Konoin sasa amebandika karatasi ukutani kando ya tarakilishi ya ofisi. Imeandikwa hatua saba kwa Kiswahili, na chini yake nambari ya simu ya mwalimu mkuu aliyepo. Wanafunzi wa kidato cha pili ndio walioinakili kwa mwandiko mzuri. Hiyo si kazi ya mtu ambaye "si wa mambo ya tarakilishi".

Mgeni na aendelee kupiga hodi mara tatu. Mwenye nyumba ajue ufunguo wake uko wapi, na ambaye amejenga lango katika njia ya umma asikie anapoitwa.